SOMO: SAMAKI WA MIAMBA NA FAIDA YA KUIPUMZISHA BAHARI

Mkulima ajuaye kazi yake hali mahindi yake yote. Hata katika mwaka wa njaa huchagua mahindi yaliyo mazuri, akayatundika juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyaharibu, mpaka mvua zirudi. Mfugaji wa Kimasai hutenga malisho ya ndama karibu na boma, na ng'ombe wakubwa hawaachiliwi kuingia humo ovyo. Wamijikenda wa pwani nao, tangu zamani, waliihifadhi misitu ya kaya, wala mtu hakuruhusiwa kuingia humo na shoka kukata mti apendavyo. Hawa wote hawakuwa na vitabu vya sayansi, lakini walijua jambo moja: mtu akimaliza kilicho mbele yake leo, kesho hana kitu.

Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini sasa, jambo la namna hiyo limefanywa pia baharini katika pwani ya Kenya. Sehemu fulani za bahari zimefungwa zisivuliwe, na wataalamu wamehesabu samaki ndani na nje ya sehemu hizo mwaka baada ya mwaka. Somo hili laeleza yaliyoonekana. Lafaa lisomwe na mvuvi, ambaye chakula cha watoto wake hutoka humo. Na pia na mtu wa bara au wa mjini, ambaye pengine hamjui samaki ila akiwa amekwisha kukaangwa.

MWAMBA WA BAHARINI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani ya kuwa mwamba wa baharini ni jiwe tu, kama majabali yaliyoko milimani. Sivyo. Mwamba wa matumbawe umejengwa na wanyama walio hai. Kila mnyama wa tumbawe ni mdogo sana. Wengi wao hawapiti ukubwa wa punje ya mtama. Ana mdomo, na kuuzunguka mdomo huo ana mikono laini ya kukamatia chakula. Mnyama huyu huitoa chokaa katika maji ya bahari, akajijengea kikombe cha kukaa. Huishi pamoja na wenzake kwa maelfu, vikombe vyao vimeshikamana. Wakifa, chokaa yao hubaki, na wengine hujenga juu yake. Kwa kazi hiyo ya maelfu ya miaka hutokea mwamba mkubwa wa kuweza kuvunja nguvu za mawimbi ya bahari kuu.

Ndani ya mwili wa mnyama huyo huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, nayo humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Ndiyo sababu matumbawe hupenda maji ya kina kifupi, yaliyo safi na yenye joto la kadiri, mahali ambapo jua hufika chini. Penye maji ya mto na matope matumbawe hayastawi.

Katika Kenya, mwamba mkuu huifuata pwani toka Malindi mpaka Shimoni, mwendo wa kilomita 200 hivi. Hukatika mahali ambapo mikono ya bahari huingia katika nchi, kama vile Kilifi, Mtwapa na Mombasa. Kati ya mwamba huo na nchi kavu mna maji matulivu ya kina kifupi, yenye nyasi za bahari, mchanga na vichaka vya matumbawe. Maji hayo ndiyo shamba la mvuvi mdogo mwenye mtumbwi au ngalawa. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kwa nguvu na bahari ya nje kuchafuka, mvuvi huyo hawezi kuuvuka mwamba. Hapana budi avue ndani, au akae nyumbani. Basi hali ya maji hayo ya ndani ndiyo hali ya nyumba yake.

KILA SAMAKI ANA KAZI YAKE

Katika kijiji kuna mkulima, mfua chuma, mkunga na mwalimu. Mmoja akiondoka, huenda pengo lake lisionekane siku ile ile, lakini baadaye wote watalijua. Mwambani ni vivyo hivyo.

Tafi hula mwani na nyasi za bahari. Kangaja naye huchunga mwani juu ya mawe, kama mbuzi achungavyo majani. Pono ana mdomo mgumu kama wa kasuku. Hukwangua mwani pamoja na chokaa, akaisaga kooni mwake, na chokaa hiyo hutoka mwilini mwake ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga ambao watu hutembea juu yake pwani imepita katika matumbo ya pono. Changu huchimbua kaa, konokono na vidudu vingine chini mchangani. Chewa hujificha katika mapango ya mwamba, akawameza samaki wadogo wapitao.

Kazi ya wale wachungaji wa mwani ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwani hukua upesi, na tumbawe hukua polepole. Mwani ukiachwa bila kuliwa, hulifunika jiwe lote, na mtoto wa tumbawe atafutaye mahali pa kushika hapati nafasi. Ni sawa na shamba lililoachwa bila kupaliliwa: magugu huishinda mimea.

KIKANDE NA NUNGUNUNGU WA BAHARI

Ili kuona namna viumbe hawa wanavyotegemeana, na tumwangalie samaki mmoja ambaye hasifiwi sana sokoni. Samaki huyo ni kikande. Ana ngozi ngumu, meno makali na taya zenye nguvu, na mgongoni ana mwiba ambao huusimamisha akajikaza ndani ya tundu lake asitolewe. Ni samaki mwenye ujasiri. Hulinda mahali pake, wala haogopi kuijia chambo. Kwa sababu hiyo hunaswa kwa urahisi sana katika ndoana na katika dema.

Chakula apendacho ni mnyama mmoja wa duara, mwenye miiba mwili mzima, akaaye katika nyufa za mwamba. Kila mtu aliyetembea mwambani wakati wa maji kupwa anaijua miiba yake, maana huchoma mguu na kukatikia ndani. Kwa umbo lake aweza kuitwa nungunungu wa bahari. Wako wa aina nyingi, na miamba ya Kenya ina aina moja ndogo ambayo huweza kuongezeka kupita kiasi.

Nungunungu huyo hula mwani, na katika kula kwake huikwangua chokaa ya mwamba, akachimba shimo la kukaa. Wakiwa wachache hawana dhara. Nao pia husaidia kuupunguza mwani. Lakini wakiwa wengi mno, huung'oa mwamba upesi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Tena huumaliza mwani ambao ungekuwa chakula cha tafi, pono na kangaja. Nungunungu aweza kuishi kwa chakula kidogo sana, ambacho samaki hawezi kuishi kwacho. Kwa hiyo katika mashindano ya chakula nungunungu hushinda. Mwisho hubaki mwamba mtupu uliojaa miiba na mashimo, wenye samaki wachache.

Wataalamu waliofanya utafiti katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 waliona jambo hili wazi. Mahali palipovuliwa sana, vikande walikuwa wachache au hawakuwapo kabisa, na nungunungu walijaa tele. Mahali palipofungwa kwa miaka mingi, vikande walionekana, na nungunungu walikuwa wachache, tena wamejificha katika nyufa zao.

Basi mvuvi atoaye kikande mmoja majini hadhani ya kuwa amefanya kosa, wala si kosa. Amepata kitoweo cha siku moja. Lakini vikande wote wakitolewa, mlango wa boma umeachwa wazi. Nungunungu huongezeka, mwamba huliwa, chakula cha tafi hupungua, na yule mvuvi ambaye hakuvua kikande hata mmoja, bali hutegea tafi peke yake, huona dema lake linatoka majini tupu. Hajui sababu, na pengine humdhania jirani yake kuwa amemroga.

KWA NINI SAMAKI MKUBWA NI MALI

Jambo la pili la kufahamu ni uzazi wa samaki. Wengi hufikiri ya kuwa samaki mmoja mkubwa na samaki kumi wadogo ni mamoja, mradi uzito wao ni sawa. Kwa mizani ya sokoni ni kweli. Kwa uzazi si kweli hata kidogo.

Jike akiongezeka urefu kidogo, mwili wake huongezeka sana ndani, na nafasi ya mayai huongezeka zaidi. Wataalamu wa Marekani walihesabu mayai ya samaki mmoja mwekundu apatikanaye katika Ghuba ya Mexico. Waliona ya kuwa jike mmoja mwenye urefu wa sentimita 61 hutoa mayai sawa na majike 212 wenye urefu wa sentimita 42. Bahari ile ni mbali na samaki yule si wa huku, lakini kanuni ni moja kwa samaki wengi: jike mkubwa ni ghala ya mbegu.

Tena kuna ajabu nyingine. Chewa na pono wengi huanza maisha yao wakiwa majike, na baada ya kukua ndipo wengine hugeuka kuwa madume. Kwa hiyo wakivuliwa wakubwa wote, hawapunguki wazazi wa kike tu. Madume nao huadimika, na mayai hayapati wa kuyarutubisha.

Mayai ya samaki wengi wa mwambani huachiliwa majini, nayo huchukuliwa na mkondo. Vitoto vikiisha kuanguliwa huelea katika bahari kwa siku nyingi au majuma kadhaa, vikila viumbe vidogo visivyoonekana. Walio wengi huliwa. Wachache waponao hutafuta mwamba wa kukaa, na huenda mwamba huo ukawa mbali na ule waliotoka wazazi wao. Kwa hiyo mzazi aliyehifadhiwa mahali pamoja aweza kuwa amewazaa samaki watakaovuliwa mahali pengine, na watu wasiomjua.

SEHEMU ZILIZOFUNGWA KATIKA KENYA

Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa zile za kwanza katika bara la Afrika. Katika miaka ya 1970 ilifuata Kisite, karibu na Shimoni, pamoja na hifadhi ya Mpunguti. Kisha hifadhi ya Kiunga, kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, mwaka 1979. Na Mombasa mwaka 1986.

Yafaa msomaji atofautishe majina mawili. Katika mbuga ya bahari hairuhusiwi kuvua kabisa, wala kuokota makome, wala kuvunja matumbawe. Katika hifadhi ya bahari, wavuvi wa desturi huruhusiwa kuvua kwa vyombo vyao vya asili, lakini vyombo viharibuvyo hukatazwa. Mara nyingi mbuga huwa katikati, na hifadhi huizunguka.

Je, samaki walirudi? Walirudi, lakini si kwa siku moja, na si wote pamoja. Hapa ndipo penye somo kubwa, maana watu wengi hukata tamaa kwa kutojua mpango wa kurudi kwao.

Wale wakuao upesi huonekana kwanza. Pono huongezeka katika miaka ya mwanzo. Kangaja huendelea kuongezeka polepole kwa muda mrefu zaidi. Kikande huchelewa sana, na kwa kuwa yeye ndiye mpunguzaji wa nungunungu, mwamba wenyewe nao huchelewa kupona. Chewa wakubwa huhitaji miaka mingi. Kwa kulinganisha mbuga zenye umri mbalimbali, wataalamu waliona ya kuwa wingi wa samaki katika miamba ya Kenya huhitaji miaka ishirini hivi ya kufungwa kabla haujafikia kilele chake. Katika mbuga za zamani uzito wa samaki ulifikia zaidi ya kilo 1,000 katika kila hekta ya mwamba. Nje, mahali palipovuliwa sana, ulikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Basi atakayefunga sehemu ya bahari mwaka mmoja, kisha akaifungua kwa kuwa hakuona kikande, amefanana na mtu aliyepanda mnazi akaukata mwaka wa pili kwa sababu haujazaa madafu.

SAMAKI HAWAJUI MPAKA

Mvuvi ana haki ya kuuliza: "Samaki wakijaa ndani ya mbuga, mimi niliye nje nanufaika na nini? Je, nitakula kwa macho?"

Jibu ni kwamba maji hayana ua. Kijiji cha samaki kikijaa, wengine hutoka kutafuta chakula na nafasi. Katika mbuga za Malindi na Watamu, samaki walikamatwa, wakatiwa alama, wakaachiliwa tena ndani ya mbuga. Baadaye baadhi yao walivuliwa nje na wavuvi, na alama zao zikarudishwa. Tafi na changu wa aina fulani walionekana kuwa wasafiri. Aina nyingine zilikaa mahali pao, hazikuvuka mpaka. Kwa hiyo faida ya kutoka kwa samaki ni ya kweli, lakini si kwa kila samaki.

Wavuvi wa Mombasa hawakungoja kuambiwa na wataalamu. Walianza wenyewe kuyatega madema yao karibu na mpaka wa mbuga. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha ya kuwa madema yaliyo karibu na mpaka hupata samaki zaidi, na kadiri mtu anavyokwenda mbali na mpaka, ndivyo mavuno yapunguavyo. Faida hiyo haifiki mbali sana. Huonekana hasa kwa wale wavuao ukingoni, na neno hili lapasa kusemwa waziwazi, ili watu walio mbali wasiahidiwe kisichokuwapo.

Ushahidi mwingine ulipatikana katika kisiwa kidogo cha Sumilon, katika nchi ya Ufilipino. Mwaka 1974 sehemu ya mwamba wa kisiwa hicho, kiasi cha robo, ilifungwa. Wavuvi wakavua katika sehemu zilizobaki. Baada ya miaka kumi, mwaka 1984, ulinzi ulivunjika, na watu wakavua kila mahali. Mtu angedhani ya kuwa mavuno yangeongezeka, kwa kuwa sasa mahali pa kuvua pameongezeka. Ikawa kinyume. Katika muda wa miaka miwili hivi mavuno ya kisiwa kizima yalishuka kwa zaidi ya nusu. Robo ile iliyofungwa ndiyo iliyokuwa ikizilisha robo tatu nyingine.

GHARAMA NAYO IHESABIWE

Si haki kuzisifu faida na kuinyamazia gharama. Sehemu ikifungwa, kuna mtu aliyekuwa akivua hapo, na pengine baba yake alivua hapo kabla yake. Mtu huyo huanza kulipa siku ile ile, lakini malipo yake ya kurudishiwa huja baada ya miaka.

Mfano wa Mombasa ni mzuri kwa sababu ulipimwa. Mbuga ilitangazwa mwaka 1986, lakini uvuvi ndani yake ulikomeshwa hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika bandari ndogo za jirani idadi ya wavuvi ilipungua sana. Wale waliobaki, kila mmoja alipata samaki wengi kwa siku kuliko awali. Lakini jumla ya samaki wote walioletwa pwani ilipungua katika miaka ile ya kwanza. Yaani, aliyebaki alifaidika, na aliyeondoka alipoteza. Atakaye kufunga bahari bila kumfikiria aliyeondoka anajitafutia ugomvi.

Ugomvi huo ulionekana Diani, kusini ya Mombasa. Hifadhi ya Diani na Chale ilitangazwa mwaka 1995, lakini wavuvi waliipinga kwa kuhofia kwamba hifadhi itageuka kuwa mbuga na bahari yao itatwaliwa. Hifadhi ikabaki katika karatasi. Tangazo peke yake halilindi samaki hata mmoja.

Njia nyingine ilionekana Kuruwitu, katika sehemu za Kilifi. Huko wavuvi na wazee wa bahari walishauriana wenyewe juu ya kupungua kwa samaki, na mwaka 2005 wakakubaliana kufunga eneo la hekta 30 hivi. Sehemu ya namna hii huitwa tengefu, kwa kuwa imetengwa na wenyewe. Vijiji vingine vya pwani vikafuata mfano huo. Eneo la hekta 30 ni dogo, na samaki wasafiri wakubwa hawawezi kutosheka humo. Lakini lina nguvu moja ambayo mbuga kubwa huenda ikakosa: mlinzi wake ni yule yule mvuvi, na mvunja sheria hujulikana kwa jina na kwa ukoo.

Tena si lazima kila dawa iwe ya kufunga. Vyombo vya kuvulia navyo vina neno. Juya lenye matundu madogo, likikokotwa kuelekea pwani, huzoa wakubwa na watoto, na huzivunja nyasi na matumbawe njiani. Kwa sababu hiyo juya la kukokota na bunduki za kupigia samaki zilikatazwa na Serikali ya Kenya mwaka 2001. Dema la kienyeji laweza kutengenezwa likiwa na nafasi nyembamba pembeni, ili samaki wachanga wapenye na kwenda zao, na wakubwa wabaki. Mvuvi hapotezi kitu cha thamani, maana kitoto cha samaki kina bei ndogo leo, na mwakani kitakuwa na bei ya samaki kamili.

JAMBO AMBALO MPAKA HAUWEZI KULIZUIA

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Joto likizidi, tumbawe huitoa ile mimea midogo iliyo mwilini mwake, likabaki jeupe kama mfupa. Hali hiyo ikidumu, hufa kwa njaa. Katika mwaka ule sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa, ndani ya mbuga na nje yake. Mwaka 2016 joto lilirudi tena na matumbawe yakageuka meupe. Mlinzi wa mbuga aweza kuuzuia mtumbwi. Hawezi kulizuia joto.

Wako wasemao kwamba ikiwa ni hivyo, kufunga bahari hakuna maana. Maneno hayo hayana nguvu. Mtu ambaye hawezi kuizuia mvua ya mawe haachi kulipalilia shamba lake. Tumbawe likifa, jiwe lake hufunikwa na mwani upesi, na watoto wa matumbawe hutafuta mahali safi pa kushika. Penye pono, tafi na kangaja wa kutosha kuuchunga mwani huo, nafasi huwapo. Pasipo na samaki hao, mwani husonga kila kitu. Hata hivyo mbuga si kinga ya kila balaa, na atakayeisifu hivyo anawadanganya watu.

YAWAPASAYO WATU

Mvuvi aweza kuanza na lililo mkononi mwake: kulitengeneza dema lake, kuliacha juya, na kuhudhuria mkutano wa umoja wa wavuvi wa bandari yake badala ya kungoja kusikia yaliyoamuliwa. Huko aulize maswali mawili kabla ya kukubali sehemu yoyote ifungwe: itafungwa kwa miaka mingapi, na yule aliyekuwa akivua hapo atakula nini katika miaka ya kwanza? Mkutano ambao hauwezi kuyajibu maswali hayo haujawa tayari kufunga.

Mchuuzi na mnunuzi wa mjini nao wamo katika habari hii. Wasiponunua vitoto vya samaki, hatakuwapo wa kuvivua. Na mtu wa bara ajapo pwani kutembea, asikanyage matumbawe kwa viatu, wala asinunue makombe yaliyotolewa majini yakiwa hai ili ayapambe juu ya kabati.

MASWALI KWA WASOMAJI NA MADARASA

1. Kwa nini matumbawe hayastawi penye maji ya mto na matope?

2. Vikande wakiisha wote, ni kwa njia gani mtega tafi huathirika?

3. Kwa nini jike mmoja mkubwa ni bora kwa uzazi kuliko majike wengi wadogo wenye uzito sawa naye?

4. Eleza kwa nini mavuno ya Sumilon yalipungua ijapokuwa mahali pa kuvua paliongezeka.

5. Katika kijiji au mtaa wako kuna kitu gani, cha nchi kavu au cha majini, ambacho wazee walikitenga kisiguswe? Je, kingaliko? Kama hakipo, ni nani aliyefaidika na ni nani aliyepoteza?